Fundi Baridi na Babu wa Watu

Tunamzika leo mtu aliyeiogopa siku hii kuliko yeyote tuliyewahi kumfahamu, kwa hiyo tutasoma taratibu, asije akashtuka.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji, katika vyumba viwili juu ya karakana ya baba yake. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kulia kabla hajaguswa na mtu, kama aliyepata habari mapema. Mwezi Agosti 1967 baba yake alianguka kutoka juu ya paa, akafariki akiwa na miaka hamsini na saba. Chanzo kilikuwa ngazi iliyoliwa na mchwa, na wote waliokuwepo waliiona. Lakini kijana yule hakushika habari ya ngazi. Alishika umri.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, ambako mwaka 1970 alihitimu utengenezaji wa friji na majokofu. Hakuwa mwanafunzi mbaya, alikuwa mwoga tu. Walipocheza mchezo wa kuigiza darasa la sita, mwalimu alimpa nafasi ya maiti, akimwambia ni kulala tu na kunyamaza. Alikataa katakata, akaomba awe mlango. Akawa mlango, na inasemekana alifunguka vizuri.

Kuanzia 1971 hadi alipostaafu alikuwa fundi wa hospitali kuu. Alitunza majokofu ya dawa, ya jikoni, na yale mengine ambayo hakupenda kuyataja jina. Akiitwa huko aliingia akipiga mluzi, akabisha hodi, akasema kwa sauti, "Samahanini wazee, nakagua gesi tu, siwasumbui," kisha akatoka kinyumenyume. Wahudumu walikuwa wakivunjika mbavu. Yeye shati lilikuwa limeloa jasho, humo ndani mwenye barafu.

Tarehe 6 Mei 1978 alimwoa karani wa posta, mama yetu huyu aliyeketi mbele. Kwenye picha ya harusi, bwana harusi peke yake ndiye anayetazama juu, kwa sababu feni ya ukumbi ilikuwa inayumba. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Huo ulikuwa uoga wa kawaida, wa kuchekesha. Uliomkondesha ulianza mwaka 2001, alipokwenda kukata bima, wakala akamuuliza babu yake mzaa baba alikufa kwa ugonjwa gani, na katika umri gani.

"Sijui," alisema marehemu.

"Basi tuandike hajulikani," alisema wakala, akiendelea kutafuna kalamu.

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki iliyofuata alishuka kwenye chumba cha kumbukumbu chini ya ofisi za mji, chumba chenye unyevu, taa inayopepesa na dada mtunza kumbukumbu aliyevaa sweta mwaka mzima. Akaomba madaftari ya mazishi. Jina la babu yake lilikuwepo, seremala, mtaa uleule. Umri wa kufa: hamsini na sita. Ghafla. Akapanda kizazi kingine, akampata baba wa babu huyo: hamsini na nne. Ghafla. Ndugu wawili wa babu: ghafla, na ghafla. Mtunza kumbukumbu alisimulia baadaye kwamba mteja wake alifunga daftari kwa vidole viwili, kama mtu anayefunika sufuria yenye nyoka.

Hakuna mwanaume wa kwao aliyefika sitini. Kuanzia siku hiyo marehemu aliishi roho juu. Alichora ukoo wake kwenye karatasi kubwa, akaubandika sebuleni, na mke wake akaufunika kwa kalenda. Ikawa kosa kubwa zaidi, maana sasa alitazama ukoo na tarehe kwa pamoja. Aliacha kubeba chochote kizito kuliko kikombe. Alipofika hamsini na nane aligawa suti zake kwa wadogo zake, wakazipokea haraka kuliko ilivyopendeza. Alikaa na kiatu kimoja mguuni, akisikiliza kifua chake, na mkewe akimuuliza anasikia nini alijibu, "Kinadunda. Lakini kinadunda kama kinaaga."

Jambo moja hakulifanya. Hakwenda hata siku moja kumwona daktari, ingawa alifanya kazi hospitali. Aliogopa kuambiwa.

Kilichomsukuma kutoka nje ni upweke. Kulikuwa na kikundi cha wastaafu waliokutana Jumamosi kwenye chumba cha kusomea cha maktaba, kila mmoja akichimba ukoo wake, wakiazimiana miwani na kusomeana miandiko ya makarani waliokufa zamani. Kiongozi wao alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Mwaka 2008, miezi michache kabla marehemu hajatimiza sitini, aliwakunjulia karatasi yake ya ukoo. Mkunga aliipitishia kidole, akasimama.

"Kaka, baba yako alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka 1910."

"Na huyu babu yako alizikwa lini?"

"Mwaka 1907," alisoma kwenye karatasi.

Mkunga alivua miwani.

"Kaka yangu, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Mimba kuchelewa naijua. Lakini hii imezidi."

Miaka saba alikuwa amesoma umri wa kufa tu. Safu ya pili, ya miaka, aliinakili tu bila kuisoma. Mtaa ule ulikuwa na maseremala wawili wa jina moja, na yeye alijichukulia wa jirani. Mkunga hakuchelewa kumtafuta babu halisi. Alikufa akiwa na miaka tisini na moja, baada ya kugombana na mpangaji.

Mtu mwingine angecheza. Marehemu alirudi nyumbani, akaketi, rangi imemtoka. "Sasa nitakufa lini?" alimuuliza mkewe. Mke wake alikuwa ameshachukua mkoba, anatoka kwenda kudai suti.

Lakini kikundi kile kina utaratibu wake. Ukigundua umeweka mtu asiye wako kwenye ukoo, hufuti jina na kuondoka. Unamrudisha kwao: unawatafuta walio hai wa damu yake, unawakabidhi. Mkunga alishawapata. Mjukuu wa seremala yule alikuwa mwokaji mikate, mitaa michache kutoka hapo, mwenye miaka hamsini na nne.

"Siwezi," alisema marehemu. "Dada, unajua unanituma nikafanye nini? Nikampe mtu kile nilichokuwa nacho mimi."

"Wewe ulikuwa nacho kimakosa. Yeye anacho kweli, ila hajui."

Ndipo alipoogopa kuliko miaka yote saba. Zamani aliogopa kufa. Sasa aliogopa kusema, na pia kunyamaza. Alikwenda kwenye duka la mikate, akafika kaunta, akanunua mkate. Kesho yake akanunua tena. Mkewe alifungua kabati akauliza, "Baba, tumefungua kioski na mimi sijaambiwa?"

Mwishowe alipata upenyo: jokofu la unga uliokandwa lilianza kunguruma, akajitolea kulitazama. Alilitazama muda mrefu kuliko lilivyohitaji, kichwa kikiwa ndani kabisa, na kutoka humo alianza kusema habari za babu, na baba wa babu, na miaka yao.

"Mzee," alisema mwokaji, "toa kichwa kwenye friji uniambie vizuri."

Akakitoa. Akasema yote.

"Umekuja kunitisha dukani kwangu?"

"Ndiyo. Niliogopa miaka saba bure, na sikwenda kupima hata siku moja. Nilikuwa mjinga. Wewe ogopa leo tu, halafu nenda ukapime."

Mwokaji alitazama unga mikononi mwake. "Baba yangu alikuwa na hamsini na tano," alisema polepole. "Kaka yangu alikuwa na hamsini." Kisha hasira zikampanda, akamfukuza mpaka barabarani, na alama za viganja vya unga zikabaki mgongoni mwa koti.

Miezi mitatu marehemu hakupita mtaa ule. Kila tangazo la msiba alilisoma mara mbili. Alisubiri jina moja. Siku mlango ulipogongwa, mwokaji alikuwa amesimama nje, amekonda, uso umekunjwa.

"Wamekuta," alisema. "Mishipa ya moyo. Daktari anasema ningeanguka siku yoyote. Nameza vidonge kila asubuhi, na kila nikimeza nakutukana."

"Nitukane tu, ndugu yangu."

"Na wanangu nimewapeleka. Mkubwa naye analo tatizo hili."

"Ingia ndani," alisema marehemu, akamvutia kiti.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021. Safari hii alikwenda hospitali mapema, akiogopa waziwazi, akiuliza kila sindano ina kazi gani na kila muuguzi ana uzoefu wa miaka mingapi. Hakujifanya shujaa hata dakika moja, na tusimsingizie leo. Siku za mwisho aliomba taa isizimwe na mtu asiondoke. Mwokaji ndiye aliyekaa zaidi.

"Naogopa," marehemu alimwambia.

"Najua. Endelea tu kuogopa, mimi nipo."

Alifariki tarehe 9 Oktoba 2023 saa za asubuhi, mkono wake ukiwa umeshikwa, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu sita, na wadogo zake wawili ambao suti zile walizirudisha kwa manung'uniko. Ameacha pia mwokaji, ambaye mkunga amethibitisha kwa kumbukumbu zote kwamba hana undugu naye hata wa mbali, na ambaye familia imeamua aandikwe hapa kama mdogo wake. Ana miaka sitini na tisa. Katika ukoo wao, hakuna mwanaume aliyewahi kuwa mzee kiasi hicho.

Fundi, pumzika kwa amani. Kuogopa tuachie sisi.