Mawe Yetu Hayana Mifupa

Asubuhi hiyo kijiwe cha Kikula, mjini Likasi, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Mado, kilikuwa na watu watatu na woga mmoja. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu shimo la wachimbaji limfukie mwanawe, Ricky, na mwili haujatolewa mpaka leo. Ndiyo kwanza mama amerudi kuuza. Zamani walimwita Mama Ricky. Sasa hakuna anayethubutu; wanamwita kwa jina lake mwenyewe, Mado. Mzee Godefroid, aliyebandikwa jina la Carotte kwa kubeba karoti miaka thelathini, vile vipande virefu vya mwamba vinavyotolewa ardhini kupima madini, alikuwa amewaonya wenzake: ongeeni lolote, ila si habari ya shimo. Wagon, mstaafu wa reli, akaona dinosaria ni mnyama salama.

— Dinozori moja, shingo yake inapita cheminée ya moshi ya kiwanda ya Shituru!

— Njo maana Noa aliiacha, alidakia Placide, muuza mitumba ambaye kila jambo hulipeleka kanisani. Angeiweka wapi?

— Moja ilibakia, Wagon alisema. Inalala chini ya ziwa Tshangalele. Balobaji ba samaki banaionaka.

— Tshangalele ni barrage, maji ya kuzuiwa na ukuta, weye! Carotte alicheka. Baba yangu aliona ile maji ikijaa. Dinozori ilingojea kwanza bazungu bajenge?

Hata Mama Mado alitabasamu. Carotte alifurahi mno, na furaha ikamponza.

— Musikie. Badinozori balikufa, inapita miaka milioni makumi sita. Wakati balianza, Afrika na Amérique ilikuwa inchi moja. Lakini mawe yetu ya hapa inabapita na uzee: milioni mia nane! Hapa ilikuwa bahari, matope na utelezi ya maji tu. Muchimbe mpaka muchoke: mawe ya Likasi haina mufupa ata moja ndani!

Neno lilishatoka. Wagon aliinamia viatu vyake. Placide alikunywa kutoka kikombe kitupu.

Mama Mado aliweka birika chini taratibu.

— Carotte, weye unajua mawe. Ata moja?

 Carotte alimwonea huruma.

— Mama Ricky… alisema, jina la zamani likimponyoka.

Mama alimsogezea kahawa.

— Miezi mbili hakuna muntu aliniita vile. Ita tena.