Bendera ya Wakwe wa Luhende

Mnisamehe kabla sijaanza: kisa hiki kina mwenyewe anayekijua vizuri, ila yeye anaona haya na mimi sina. Kwa hiyo mtakipata kimechubuka kidogo. Ni Kitete, Tabora, kwenye benchi la kahawa la Abbasi. Luhende, fundi wa kuandika mabango, ametandaza shuka jeupe mezani na kufungua makopo yake ya rangi. Bintiye Josepha anaolewa Jumamosi, na wakwe kutoka pwani wanashuka na treni leo saa sita mchana. Luhende kawaapia kwamba atawapokea stesheni kwa bendera ya mji wao, yenye nembo katikati. Sasa ni saa nne, na shuka bado halina hata nukta.

— Anza na buluu, alisema Shigela, ambaye kijiwe kinamwita Spika kwa kuwa hafungui mdomo kabla ya kugonga meza. Bahari ni buluu.

— Umeiona wapi wewe? akauliza Luhende.

— Kuiona kwa nini? Ni kama bwawa la Igombe, ila ng'ambo ya pili wamesahau kuiweka.

Luhende akapaka buluu.

— Rudia tena, akasema Spika. Mchovya asali hachovyi mara moja.

— Na mnazi! akadakia Raymundi, mwalimu mstaafu, maarufu kama Kamusi. Pwani bila mnazi si Nzega tu hiyo?

Luhende akachora mnazi, jasho likimtiririka. Jana usiku Josepha alimwambia, "Baba, chonde usiniaibishe."

— Nembo lazima iwe na watu wawili, huku na huku, kama ile ya taifa, akasema Spika. Weka mzee wa kanzu na mama wa kanga.

— Washike nini?

— Pembe za ndovu! Kamusi akasimama. Na pembe hizo nani alizifikisha pwani? Babu zetu, kwa mabega yao, kwa miguu, miezi! Kwa hiyo katikati akae Mnyamwezi na mzigo wake.

— Kwenye nembo ya watu? akauliza Luhende.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Basi kama babu zetu ndio walibeba kila kitu, akasema Abbasi huku akimimina, hata huo mji wenyewe tumewapelekea sisi. Andika chini pale: "Umeletwa kutoka Tabora."

Luhende, masikini, alikwishachovya brashi. Hapo ndipo Amon, muuza asali wa Sikonge, alipoegemeza baiskeli yake ukutani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Bendera imependeza. Ya mji gani?

— Wa pwani, akajibu Spika.

— Pwani ndefu, mzee wangu. Mji gani hasa?

Spika akamtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Abbasi. Abbasi akatazama birika. Kisha wote wakamgeukia Luhende.

— Mpigie Josepha, Abbasi akanong'ona.

— Nimpigie mwanangu nimuulize anaolewa wapi?

— Kwani siku ya posa mkwe hakuutaja huo mji?

Luhende akalaza brashi taratibu.

— Aliutaja. Tatizo, wakati huo nilikuwa naongea mimi.