Mwanga Uliomwangukia Musyimi

Benchi lililo nje ya kibanda changu cha kahawa hapa Nunguni hubeba watu wanne wakibanana, na asubuhi za baridi hubanana kweli. Ijumaa hiyo walikuwa watatu. Mbuvi, tunayemwita Wakili ingawa anauza mbolea, alikaa mwisho mmoja. Katikati alikuwa Nthiwa, ambaye hapa jina lake ni Netiweki, kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Upande wa barabara alikaa Kyule, mzee wa kanisa, ameshika kikombe lakini hanywi. Jumatano, katikati ya maombi ya mchana, mwanga uliingia kanisani kwa dirisha, ukacheza ukutani, kisha ukatua kichwani kwa Musyimi, ndugu yake Kyule. Miaka mingi wawili hao walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kyule akasimama analia, akavuka kanisa zima, akamkumbatia. Jioni Musyimi akachinja mbuzi. Sasa Netiweki alikuwa ameleta habari nyingine.

— Ilikuwa kioo, alisema. Watoto wa gredi ya sita, hapo shule ng'ambo ya fensi ya kanisa. Mwalimu wao mpya, Nthenya, aliambia kila mtu alete kipande ya kioo. Mmoja anashika jua huko nje, anarushia mwenzake kwa mlango, huyo naye anarusha ndani mpaka ubao inawaka. Sasa mmoja mkono ikateleza. Mwanga ikaruka fensi, ikaingia kanisa.

— Una uhakika? Kyule akauliza.

— Mtoto wa dada yangu ndiye aliteleza. Anajisifu nyumba yote.

— Basi hiyo mapatano ni bure, akasema Wakili. Ushahidi ni feki. Korti inatupa nje.

— Na mbuzi? Netiweki akauliza.

— Kyule arudishe.

— Arudishe aje na tulimkula? Wewe mwenyewe ulimaliza mbavu.

— Mimi nilikula kama shahidi.

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa. Kyule hakucheka.

— Nilitoa ushuhuda, Mama Kalunde, akaniambia. Nilisema Mungu amenionyesha ndugu yangu kwa kidole. Kumbe ni mtoto na kioo ya kunyolea! Nitapita aje hapa sokoni?

— Ngoja kwanza, Netiweki akasema. Watu walijaa kanisa. Kwa nini mwanga ichague Musyimi?

— Hana nywele, Wakili akamjibu. Mwanga inapenda pahali laini.

— Na mimi nasikia alinyoa Jumanne.

— Unaona! Alipanga! Huyo alikuwa anajitayarisha!

— Labda yeye ndiye alinunulia watoto vioo.

— Labda hata huyo mwalimu aliletwa huku na yeye!

— Wacheni, Kyule akasema. Nimeongea na hedimasta. Jumapili hao watoto wataomba msamaha mbele ya kanisa.

Hakuwa amemaliza vizuri mwalimu Nthenya akatokea, msichana wa kutoka Kibwezi ambaye baridi yetu bado inamtesa, sweta mbili na chaki vidoleni.

— Habari zenu, wazee. Mzee Kyule, nimeambiwa nikuone.

— Watoto wako wamenichezea, mwalimu.

— Hawakukuona, mzee. Darasa letu ni giza, stima haijafika upande ule. Walikuwa wanatafuta ubao.

— Jumapili waombe msamaha.

— Nitawaleta wote, alisema. Lakini wataniuliza. Niwaambie wamekosa nini?

Netiweki akageukia barabara kama mtu anayengoja gari. Kyule alitazama kahawa yake kama jibu limeanguka humo.

Hapo ndipo tulipomwona Musyimi. Alikuwa amesimama nyuma ya kibanda, jembe begani, na sijui alikuwa amesikia mangapi.

— Waambie hawajakosa, alisema.

— Wewe hujui, Kyule akamwambia bila kumtazama. Ile mwanga ilikuwa kioo.

— Najua.

— Umeambiwa na nani?

— Sikuambiwa. Iliniingia macho, nikageuka dirishani. Nikaona mtoto kwa fensi na kioo yake, anahangaika kurudisha mwanga shule.

Sasa Kyule akamgeukia.

— Jumatano ile ile? Kyule akauliza. Hata kabla nisimame?

— Kabla usimame.

— Na hukusema!

Musyimi akashusha jembe.

— Ningesema, alijibu, ungerudi kukaa.

Kyule aliweka kikombe chini. Sikujua kama anataka kumtukana au kulia.

— Mwalimu, alisema mwishowe, rudi darasani. Watoto wanakungoja.

Kisha akamsukuma Netiweki kwa bega, Netiweki akamsukuma Wakili, mpaka kando ya Kyule pakabaki nafasi ya mtu mmoja.