Dawa ya Siku za Kufoka

Ndani ya treni ya asubuhi, muuza mitumba alimweleza kinyozi aliyeketi naye jinsi anavyompa mumewe dawa ya presha. "Nampa akifoka tu. Akitulia, ya nini?"

"Dada, hiyo humezwa kila siku, hata akicheka."

"Wewe humjui. Leo kaamka ametulia kama maji mtungini. Chai imemtoka upande wa mdomo, kikombe kikamponyoka, wala hakunigombeza."

Kinyozi alimgeukia. "Maneno anatamka?"

"Anamung'unya tu. Raha iliyoje!"

"Hicho ni kiharusi, dada! Rudi umpeleke hospitali sasa hivi!"

"Koma! Usiniombee mabaya." Treni ikasimama. Muuza mitumba akajitwisha robota lake, akashuka. "Nimemfungia mlango kwa nje," alisema, "apumzike hadi jioni."