Nilifunga Kula Ili Nizae

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnanijua, mimi ni Furaha wa mtaa wa Koekelberg, huku ughaibuni, natunza wazee majumbani mwao. Leo sikuja kuimba, nimekuja kusema.

Miaka saba ya ndoa bila mtoto! Kwetu Bukavu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi nilibaki Furaha tu, kama msichana. Mama mkwe akipiga simu huuliza habari za baridi, kisha hunyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi. Basi nikafunga. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kavu kabisa, hata maji sinywi, huku nawanyanyua wazee wa watu. Nikakonda. Siku zangu za mwezi zikapotea. Nami, mjinga mimi, nikaongeza Alhamisi!

Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa Madame Lin, Mchina anayetibu kwa sindano na mizizi, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre. Ndugu zangu, nilipoziona zile sindano nilidhani nitachanjwa chale kama kwa waganga wa kwetu. Nikaanza kukemea mapepo kwa sauti! Yule mama akangoja nimalize, akanipa maji ya moto. Akashika mkono wangu kusikiliza mapigo, akatazama ulimi wangu, kisha akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia nilikuwa nimefunga. Akasema damu yangu ni chache na tumbo limepoa, wala hatanichoma sindano hata moja mpaka nile vizuri wiki mbili. Tena akaniambia nimwone daktari wa wanawake hospitalini. Daktari naye, kwa maneno yake, akasema njaa ndiyo iliyosimamisha siku zangu.

Nililia kwa aibu. Niliogopa kumwambia maman Béatrice, kiongozi wetu wa maombi, kwamba nataka kuacha kufunga. Nilijua atasema imani yangu imepungua. Lakini nilipomwambia alinisikiliza, akaitazama mikono yangu ilivyobaki mifupa.

"Mutoto wangu, Mungu hakukuomba ujiue. Bon, ikala, ukule."

Akaniketisha, akanipakulia fufu na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akakaa mbele yangu mpaka sahani ikawa nyeupe.

Nikala. Nikachomwa sindano, nikachemsha mizizi michungu mpaka jirani akalalamikia harufu, nikameza na vidonge vya daktari. Mwezi wa tatu wa matibabu siku zangu zikarudi, nikapiga vigelegele bafuni peke yangu. Ni mizizi, ni vidonge au ni fufu, mimi sijui. Namjua aliyenitoa kwenye njaa niliyojitia mwenyewe.

Ndugu zangu, nina mimba ya miezi mitano!

Dada yangu unayefunga leo kwa ajili ya tumbo lako, najua umekaa viti vya nyuma, maana nami nilikaa huko. Mtumaini Bwana. Anakusikia hata ukiwa umeshiba. Ibada ikiisha usikimbilie basi. Nimepika.