Zenoni Niyonkuru, Mpiga Inanga wa Kundi la Wachina wa Linden

Mchungaji, wazee, ndugu wa Louisville na Columbus mliokuja kwa barabara ya theluji, mimi ni Joselyne, mtoto wa tatu wa marehemu, familia imenichagua nisome kwa sababu nina degree na sina shift ya kuombea ruhusa, kwa hiyo nitasoma yaliyoandikwa, pamoja na yale ambayo wajomba walisema niyaondoe.

Baba yetu Zenoni Niyonkuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Vugizo, mkoa wa Makamba, Burundi, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1972 bunduki zikafunga shule, akavuka kwenda Congo na baba yake, ambaye hakubeba sufuria wala godoro, alibeba inanga, ule ubao uliochimbwa wenye nyuzi nane, ambao mpigaji anaupiga huku ananong'ona maneno, haimbi, ananong'ona, na ndiyo maana inanga inataka watu wanyamaze, jambo ambalo sisi hatuliwezi.

Alifunga ndoa na mama yetu Caritas tarehe 6 Julai 1985 mjini Uvira, wakajaliwa Yonasi, Précieuse na mimi, vita ya 1996 ikawasukuma hadi kambi ya Mtabila, Kasulu, Tanzania, inanga ya babu ikapotelea ziwani wakati wa kuvuka, baba akachonga nyingine kambini, akaifunga nyuzi za breki za baiskeli, ni hiyo mnayoiona juu ya jeneza.

Tarehe 19 Agosti 2008 tulifika Marekani, mji wa Louisville, baba akaingia kiwanda cha nyama, miaka mitano mikono ndani ya baridi, na kwenye sherehe ya community mwaka 2013 wakampa dakika zake kati ya DJ na ngoma, MC wetu Karaha, yupo hapa, asinune, akamsukumia maikrofoni mdomoni, "Mzee, ongeza sauti, watu wa nyuma wanalala!", ukumbi ukacheka, ukarudi kwenye brochettes, mishikaki yetu, baba akaifunga inanga ndani ya shuka na hakuipiga tena mbele ya Warundi.

Mwaka 2014 tulihamia Columbus, mtaa wa Linden, akapata kazi kwenye warehouse ya Reynoldsburg, na Alhamisi moja ya Oktoba, donc, yaani hapa ndipo wajomba walitaka nikate, mama alimtuma community center akasome Kiingereza, akafungua mlango ambao si wake, akakuta wazee wa Kichina wametulia kabisa, Mama Qiu akiwa mbele ya chombo cha nyuzi ishirini na moja kilicholala kama inanga iliyonenepa, mzee Xiang na zeze lake gotini, baba akakaa, hakuna aliyemuuliza ID, wiki iliyofuata akaenda na inanga yake. Mwaka mzima mama alijua mume wake anasoma English, hadi siku alipomshukuru landlord kwa "xie xie", mama akamgeukia, "Baba Yonasi, hicho ni Kiingereza cha kabila gani?"

Wazee wale walikuwa wanalinda nyimbo za kwao, kama sisi tunavyosema tunalinda zetu, tofauti ni kwamba wao walifanya mazoezi. Watoto wao ni madaktari na ma-engineer California, hawakuja kujifunza, sisi watoto wa Zenoni si madaktari na hatukuja vilevile, na center inatoa chumba bure kwa kundi la watu wasiopungua watano, hivyo mwaka 2017 mwenzao alipofariki wakabaki wanne, wakamwandikisha baba kuwa wa tano, basi tangu hapo muziki wa Wachina wa Linden ulisimama kwa mguu wa Mrundi. Ndani ya wimbo wao mmoja wakamwachia nafasi, vyombo vyote vinanyamaza, yeye ananong'ona Kirundi, kisha wanaendelea.

Ugonjwa ulianza Februari 2024, saratani ya tumbo, Juni 2025 tukamleta hapa Buffalo kwa Précieuse, ambaye anaosha wazee wa watu kwa mshahara na wake alimwosha bure. Alitaka jambo moja tu, mtu mmoja ajifunze yale maneno ya kunong'ona kabla hajaondoka. Mjukuu wake Gatsinzi akamjibu, "Babu, it's too quiet," kanisa likasema litaweka kwenye program, program ya mwaka gani sijui, Yonasi akarekodi kwa simu, tumesikiliza wote, inasikika friji. Mwisho nilikaa naye mimi, jobless ana muda, ila sauti ilikuwa imeshakwisha, hata hiyo ya kunong'ona, nikabaki naangalia midomo.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani wa juu walioacha kugonga sakafu, wafanyakazi wenzake wa Reynoldsburg waliosimama nasi, na nyinyi mnaosema leo kwamba muziki wake mliupenda sana, asanteni, mngemwambia.

Mama Qiu na wenzake watatu wamekaa kule nyuma, wamekuja na van kutoka Columbus, mtu wa tano hawakupata, Wachina hakuna, Warundi hakuna, chumba kinarudishwa tarehe moja Desemba na vyombo vinakwenda garage, kwa hiyo mtakachosikia sasa ndiyo mara ya mwisho. Watapiga wimbo ule, katikati watanyamaza wote, na hapatakuwa na kitu, tafadhali msipige makofi, Mchungaji usiseme amina, Karaha usiguse maikrofoni, wimbo haujaisha, hiyo ni sehemu ya baba.

Pumzika, baba, na amani yako iwe kimya hiki ulichotuomba ukiwa hai.