Dirisha la Jikoni la Bi Ghislaine

Wasomaji watuwie radhi: jarida hili limenyamaza tangu majira ya baridi, na mhariri hana udhuru wa kutosha. Limerudi kwa jambo lisilofaa kupitwa. Tarehe 30 Juni, Bi Ghislaine Thiébaux anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwaongoza wageni katika nyumba ya mshairi Léandre Marcoing, hapa Saint-Orle.

Marcoing aliutukana mji huu kwa vina safi kabisa. Alimwita askofu pipa la siagi. Mama yake alipomfungia mlango, kijana huyo wa miaka kumi na sita alitoka kwa dirisha la jikoni, akaenda Paris kwa miguu. Babu zetu walikichoma kitabu chake uwanjani. Sisi tunauza keki zenye sura yake.

Bi Ghislaine aliikuta nyumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mwaka wake wa pili, ufunguo ulikatikia kitasani, darasa zima likiwa ndani. Akawapeleka wanafunzi kwenye dirisha la jikoni, akawaambia, "Mshairi alitokea hapa. Kila mtu atunge ubeti wake, auseme, kisha aruke." Tangu hapo hakuna darasa la Saint-Orle lililotoka kwa mlango. Watoto ambao hawajawahi kuandika hata salamu za sikukuu wametunga beti, nyingi za kuwasema walimu wao. Mimi mhariri nilipolalamika kwamba mizani haikutimia, alinijibu, "Mzee Fernand, waache waruke kwanza. Mizani utawafundisha wakishatua."

Sasa halmashauri, kwa kuhofia miguu ya watoto, inataka kuliziba dirisha kwa nondo. Katika hafla ya kumuaga, Meya Hautecoeur alishika saa ya zawadi, akamwonyesha Bi Ghislaine mlango kwa adabu.

"Asante, Mheshimiwa. Lakini wewe, siku ile uliyopasua suruali, ulipita wapi?"

"Mama, hayo yalikuwa mambo ya utoto!"

"Ubeti wako ninao kichwani. Niuseme?"

"Tafadhali, usiuseme!"

Watu wakacheka. Bi Ghislaine akaketi kwenye ukingo wa dirisha, akauegemea mkono wa Meya, akasema ubeti wake, akaruka. Meya alibaki dirishani na saa yake. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na tuliokuwa karibu tulisikia vina.

Tunamshukuru Bi Ghislaine, na tunamwombea uzee mwema wenye magoti imara. Halmashauri inakutana Alhamisi. Uamuzi ukitoka, tutawaandikia siku hiyohiyo.